Saa Moja Haisimulii Mwaka Mzima

Hotuba hii niliitoa katika mkutano wa familia za wagonjwa wa akili, wauguzi, maofisa ustawi wa jamii na wanasheria. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale walioshindwa kufika.

Ndugu zangu, wazazi, walezi, wauguzi, wanasheria, na zaidi ya wote ninyi mnaoishi na ugonjwa wenyewe, ambao leo mmeamka mkajikokota mpaka ukumbini humu: asanteni kwa kuja. Najua kwamba kwa baadhi yenu kufika tu ni kazi kubwa kuliko hotuba yoyote nitakayoitoa.

Nimeombwa nizungumzie haki katika tathmini za kitabibu zinazoamua nani apewe mafao ya ulemavu kwa sababu ya ugonjwa wa akili, na nani anyimwe. Nina jambo moja la kusema, nami nitalirudia mpaka mlichoke. Tathmini hizi zinamdai mgonjwa ushahidi ambao ugonjwa wenyewe umemnyang'anya uwezo wa kuutoa. Anatakiwa akumbuke, na kumbukumbu ndiyo iliyovurugika. Anatakiwa ajieleze, na kujieleza ndiko kunakomshinda. Anatakiwa afike mahali fulani, saa fulani, na kuvuka kizingiti cha mlango wake ndiko kunakomtia hofu. Kisha akishindwa, kushindwa huko kunaandikwa kwamba hakuleta ushahidi.

Niondoe shaka moja mapema. Sipingi watu kupimwa. Fedha za mafao ni fedha za umma, na umma una haki ya kuuliza zinakwenda kwa nani. Mwenye moyo mbovu anapimwa, aliyevunjika uti wa mgongo anapimwa, na mwenye ugonjwa wa akili naye apimwe. Ninachouliza ni hiki: anapimwa lini? Anaulizwa nini? Na nani mwingine anaulizwa?

Tuanze na lini.

Kuna kijana mmoja mwenye ugonjwa wa hisia unaompandisha juu na kumshusha chini, ule unaoitwa baipola. Barua ya miadi ya tathmini ilimkuta yuko chini kabisa. Alikuwa hajaoga kwa wiki nzima, usiku anakesha, mchana amejifunika shuka. Dada yake akaomba ruhusa kazini, akahamia kwake. Akampikia. Akamsimamia mpaka akaoga. Akamnyoa ndevu, akampigia pasi shati. Asubuhi ya miadi akamhesabia vidonge, akamshika mkono mpaka kwenye mlango wa ofisi. Pale mlangoni kijana akaona aibu, mwanamume mzima kuingia ameshikwa mkono kama mtoto, akamwambia dada yake asubiri nje.

Ripoti ilipokuja ilisema hivi: mwombaji alikuwa nadhifu. Alivaa vizuri. Alimtazama mtathmini usoni. Alijibu maswali bila kusita. Hakutetemeka, hakutokwa na jasho. Uamuzi: anaweza kujitunza mwenyewe.

Nawauliza, ndugu zangu: ni nani aliyepimwa siku ile? Unadhifu ule ulikuwa wa nani? Pasi ile ilipigwa na nani? Waliompima kijana walipima kazi ya dada yake, wakamwandikia kijana alama zake. Na yule dada, ambaye angeweza kueleza yote kwa dakika tano, alikuwa nje kwenye benchi. Hakuna aliyetoka kumuuliza.

Wale mliowahi kusoma ripoti hizi mnayatambua maneno hayo. Nadhifu. Alinitazama usoni. Ni maneno ya kweli, mtathmini hakudanganya, aliandika alichokiona. Kosa ni kuichukua saa moja aliyoiona na kuifanya mwaka mzima ambao hakuuona.

Sheria nyingine zinalijua hili. Chukueni Uingereza, ambako mjadala huu umepiganwa mahakamani kwa miaka mingi na kwa hiyo tuna mengi ya kujifunza. Huko kuna malipo ya ulemavu yanayoitwa PIP, yaliyoanza mwaka 2013. Kanuni zake zinasema kwamba haitoshi mtu kuweza kufanya jambo mara moja. Ni lazima aweze kulifanya kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudiarudia kadiri inavyohitajika, na kwa muda usiopita kiasi. Kanuni hizo pia zinataka hali yake itazamwe kwa siku za mwaka mzima: kama shida ipo kwa zaidi ya nusu ya siku hizo, ihesabiwe. Ni kanuni nzuri. Mtu aliyeziandika alielewa kwamba kuna magonjwa yanayopanda na kushuka.

Lakini kanuni iliyo kwenye karatasi na swali linaloulizwa chumbani ni vitu viwili. Chumbani mtu anaulizwa: unaweza kupika? Naye anajibu: ndiyo. Ni kweli, anajua kupika, hajasahau. Swali ambalo kanuni inalitaka ni jingine kabisa. Mara ya mwisho ulipika lini? Ulianza ukamaliza? Nini kiliungua? Nani alizima jiko? Kesho yake ulipika tena? Ukiuliza hivyo, picha inabadilika. Na kuuliza hivyo hakuhitaji mashine wala fedha za ziada, kunahitaji mtu mwenye subira na mwenye muda. Muda ndio ambao mara nyingi hapewi, na hilo tusiwalaumu watathmini peke yao.

Sasa twende kwenye jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, na hapa nitakaa kidogo.

Ugonjwa wa figo haumzuii mgonjwa kusema kwamba anaumwa. Ugonjwa wa akili unaweza kumzuia. Unaweza kumwambia kwamba haumwi. Unaweza kumwambia kwamba anaumwa lakini hastahili kusaidiwa, kwamba ni mzembe tu, kwamba wengine wana shida kubwa kuliko yake. Mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, akijaza fomu ya mafao anajaza akiwa tayari amejihukumu. Ukimuuliza hali yako ikoje, atasema si mbaya sana. Haongopi ili apate kitu. Anapunguza, kwa hasara yake mwenyewe.

Kuna mama mmoja mwenye skizofrenia, ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii. Aliulizwa kwenye tathmini kama anasikia sauti. Akasema hapana. Akaulizwa kama anaona kuna watu wanaomfuatilia. Akasema hapana. Akaulizwa kama ana tatizo lolote la kiafya. Akasema labda magoti kidogo. Ikaandikwa: hakuna dalili. Jioni, wakiwa jikoni, alimweleza mumewe kwa nini alikataa. Sauti zilimwonya asizitaje mbele ya yule mtu mwenye kompyuta.

Nataka mlitafakari hilo. Jibu lake la hapana ndilo lililokuwa dalili kubwa kuliko zote. Lakini katika mfumo ambao neno la mgonjwa ndilo ushahidi mkuu, hapana ni hapana. Muuguzi aliyemhudumia kwa miaka alikuwa na faili lenye kurasa na kurasa. Hakuna aliyelifungua.

Hapa ndipo kesi moja ya Uingereza inapotufaa. Huko kuna kipimo kingine, Tathmini ya Uwezo wa Kufanya Kazi, kilichoanza mwaka 2008. Waombaji wawili wenye matatizo ya akili, waliotajwa mahakamani kwa herufi tu ili majina yao yafichwe, walilalamika kwamba utaratibu wenyewe unawakandamiza watu wa aina yao. Mwezi Mei 2013 Baraza la Juu la Rufaa likakubaliana nao: utaratibu ule uliwaweka watu wenye ugonjwa wa akili katika hali mbaya zaidi kuliko waombaji wengine, kwa sababu ulimtegemea mwombaji mwenyewe kujieleza na kukusanya ushahidi wake. Serikali ikakata rufaa. Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ikaitupa rufaa hiyo.

Angalieni walichoomba wale wawili. Hawakuomba waaminiwe bila kuulizwa. Hawakuomba vigezo vilegezwe. Waliomba kwamba pale mwombaji anapokuwa na ugonjwa wa akili, mamlaka yenyewe itafute taarifa kutoka kwa wanaomtibu, badala ya kumwachia yeye. Ni ombi la kawaida kabisa. Kama mtu amepoteza sauti, huwezi kumpa fomu ya kuimba. Utatafuta njia nyingine ya kujua anachotaka kusema.

Sitawaambia kwamba hukumu ile ilimaliza tatizo, maana haikumaliza. Lakini iliweka wazi jambo ambalo familia zilikuwa zikilisema kwa miaka bila kusikilizwa: mzigo wa ushahidi umewekwa kwenye bega lililoumia.

Na kuna watu ambao hawafiki kabisa. Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo, na mifumo mingi ya mafao inaendeshwa hivyo hasa. Hukufika kwenye miadi, malipo yanasimama. Fikirieni mwanamume ambaye barua yake ya miadi ilifika nyumbani akiwa amelazwa kwenye wodi ya wagonjwa wa akili. Akatoka baada ya wiki kadhaa, akakuta barua mbili mlangoni. Ya kwanza inamwita. Ya pili inamwambia kwamba kwa kuwa hakufika na hakutoa sababu, malipo yamesitishwa. Alikuwa chini ya uangalizi wa serikali na serikali hiyohiyo ikamwadhibu kwa kutoonekana. Kanuni nyingi zinaruhusu mtu kutoa sababu ya msingi ya kutofika, ni kweli. Lakini ni nani atakayeiandika barua hiyo ya kueleza? Ni mtu aliyetoka wodini jana.

Niseme sasa kuhusu kipimo chenyewe, yaani vigezo.

Vipimo vingi vya ulemavu vilibuniwa na watu waliokuwa wakifikiria miguu, mikono, macho na masikio. Anaweza kutembea mita ngapi? Anaweza kunyanyua nini? Ugonjwa wa akili ukaongezwa baadaye, pembeni. Matokeo yake yanaonekana. Kuna mwanamke ninayemfahamu ambaye miguu yake haina kasoro hata moja. Anaweza kutembea siku nzima. Lakini tangu apatwe na tukio baya ambalo sitalieleza hapa, hawezi kutoka nyumbani bila mtu wa kuaminika pembeni yake. Akitoka peke yake hofu inampanda, kifua kinabana, hajui yuko wapi, na mara nyingine ameingia barabarani bila kuangalia magari. Je, mtu huyu anaweza kusafiri? Miguu inasema ndiyo. Maisha yake yanasema hapana.

Mwezi Machi 2017 serikali ya Uingereza ilibadilisha kanuni za PIP kwa namna iliyomgusa mtu wa aina hii moja kwa moja. Kanuni mpya zilisema kwamba kama mtu hawezi kufuata safari kwa sababu ya msongo wa kisaikolojia, asipate alama za juu, zile zinazoamua atalipwa au la na kiasi gani, ambazo angezipata kama sababu ingekuwa nyingine. Safari ileile, kushindwa kulekule, ila sababu ikiwa ya akili, alama zinapungua. Desemba 2017 Mahakama Kuu ilisema kwamba kanuni hizo zinawabagua waziwazi watu wenye ulemavu. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza kwamba haitakata rufaa, na kwamba itapitia upya mafaili ya watu wapatao milioni 1.6 ili kuona nani alipunjwa. Milioni 1.6, ndugu zangu. Si mafaili ya mtu mmoja aliyekosewa na karani mmoja.

Kuna ubaguzi mwingine uliojificha zaidi, nao unapitia kwenye matibabu. Mtu anaulizwa: uko kwenye matibabu gani? Akisema hayuko kwenye matibabu, inahesabiwa kwamba haumwi sana. Akisema yuko kwenye matibabu, anaambiwa asubiri apone kwanza. Katika Uswisi, hadi mwaka 2017, mwenye sonona ya kiwango kidogo au cha wastani kwa kawaida hakupata mafao ya kutoweza kazi mpaka ionekane kwamba matibabu yamemshinda. Mwishoni mwa mwaka huo Mahakama Kuu ya Shirikisho ikabadilisha msimamo. Ikasema kwamba magonjwa ya akili yote yachunguzwe mtu kwa mtu, kwa ushahidi uliopangwa: uzito wa ugonjwa wenyewe, mtu anavyoishi kila siku, na msaada alionao au asiokuwa nao. Australia nayo iliwataka waombaji wa pensheni ya ulemavu waonyeshe kwamba hali yao imetibiwa kikamilifu na imetulia, mpaka masharti hayo yalipoandikwa upya mwaka 2023.

Ni rahisi kuona masharti ya namna hiyo yalitoka wapi. Yaliyoyaandika ni mawazo ya mtu anayefikiri kwamba matibabu ya akili yapo mlangoni, yanasubiri tu mgonjwa aende. Wauguzi mliomo humu mnaujua ukweli. Mtu anafutwa kliniki kwa sababu hakufika. Hakufika kwa sababu alikuwa anaumwa. Halafu kwenye tathmini inaandikwa kwamba hana daktari anayemwona kwa sasa, hivyo hali yake ni nafuu. Nimeziona barua za namna hii nyingi mno, na kila nikiisoma moja najisikia hasira, nami sioni sababu ya kuificha hasira hiyo mbele yenu.

Kuhusu nani anapima, nitapita haraka. Wengi wanadhani jawabu ni kumweka daktari bingwa wa akili katika kila chumba. Ubingwa unasaidia, sikatai. Muuguzi wa viungo hapaswi kuachiwa peke yake kuamua kuhusu mtu anayesikia sauti. Lakini hata mabingwa hawakubaliani. Watafiti wa Uswisi waliwaonyesha madaktari wa akili kadhaa video ya mahojiano na mwombaji yuleyule, kisha wakamtaka kila mmoja akadirie uwezo wake wa kufanya kazi. Makadirio yalipishana sana, na hata walipofundishwa njia yenye utaratibu wa kuuliza kuhusu kazi, bado yalipishana kuliko inavyotakiwa. Hawakuwa madaktari wabovu. Kuna kikomo cha kile ambacho mtu yeyote anaweza kukijua kutokana na mazungumzo ya mara moja. Ndiyo maana narudi palepale: taarifa za muda mrefu, kutoka kwa waliomwona mgonjwa katika siku zake mbaya, zina thamani kuliko jicho kali la mgeni.

Sasa nizungumze kuhusu madhara, na hapa naomba tuwe waangalifu kwa sababu humu kuna watu waliofiwa.

Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walichapisha uchunguzi kuhusu kipindi cha 2010 hadi 2013, ambapo watu zaidi ya milioni moja waliokuwa tayari wanapokea mafao walipimwa upya kwa ile Tathmini ya Uwezo wa Kufanya Kazi. Walilinganisha maeneo yaliyopimwa watu wengi na yale yaliyopimwa watu wachache. Walikuta kwamba upimaji huo uliambatana na vifo vya ziada vya kujiua vipatavyo 590, ongezeko la watu 279,000 walioripoti matatizo ya afya ya akili, na dawa za sonona 725,000 zaidi zilizoandikwa na madaktari. Wenyewe walisema wazi kwamba uchunguzi wa namna hiyo unaonyesha uhusiano, hauwezi kuthibitisha chanzo cha kila kifo, nami sitaongeza chumvi juu ya maneno yao. Lakini kama dawa mpya ingeambatana na takwimu za namna hiyo, je, tungeendelea kuigawa tukisema uhusiano si uthibitisho?

Huko wenzetu wanaizungumzia bahasha ya kahawia. Barua za idara ya mafao hufika katika bahasha za rangi hiyo, na kuna watu ambao wakiiona tu sakafuni mwili unaisha nguvu. Haifunguliwi. Inawekwa kwenye droo pamoja na nyingine. Siku za mwisho za kujibu zinapita zikiwa ndani ya droo. Kwa mtu mwenye wasiwasi uliopitiliza, kipimo kinachorudi kila baada ya muda mfupi ni sehemu ya ugonjwa wake sasa. Anatoka kwenye tathmini moja akianza kuiogopa ijayo, na katikati hapati nafasi ya kupona, ilhali kupona ndiko kunakosemwa kuwa lengo.

Kama kuna mtu humu ambaye mawazo ya kujidhuru yanamjia, iwe ni kwa sababu ya barua hizi au kwa sababu nyingine yoyote, namwomba asiondoke leo bila kumwambia mmoja wetu. Wauguzi wamekaa safu ya mbele. Mfuate yeyote.

Basi tufanye nini?

Familia, nianze nanyi. Msimsafishe mgonjwa wenu ili apimwe. Najua ni mazoea ya heshima, tunapenda mtu wetu aonekane vizuri mbele ya wageni. Lakini kama mmemwogesha, semeni kwamba mmemwogesha. Kama mmempigia pasi, iandikwe. Wekeni daftari. Kila siku mstari mmoja au miwili: amelala saa ngapi, amekula au la, ametoka au la, nani alimsaidia nini, nini kilitokea alipoachwa peke yake. Andikeni siku nzuri pia. Daftari lenye siku mbaya tupu halimshawishi mtu, na wala si kweli. Mkiwa na daftari la wiki kadhaa, mna kile ambacho saa moja haiwezi kukitoa. Ingieni naye chumbani ikiwa anakubali. Mkiambiwa msubiri nje, ulizeni kwa upole ni kanuni gani inayosema hivyo.

Wauguzi na madaktari, ninyi nawaomba jambo moja. Barua inayosema fulani ana skizofrenia, anatumia dawa hizi, asante, haimsaidii. Jina la ugonjwa halitoi alama. Andikeni kinachotokea. Andikeni kwamba akiachwa siku tatu bila usimamizi haachi kuvuta sigara kitandani na ameshaunguza godoro. Andikeni kwamba anasema hana tatizo, na kwamba kusema hivyo ni sehemu ya ugonjwa wake. Sentensi hiyo moja ingemwokoa yule mama. Andikeni kitakachompata mkihisi kwamba kufanya kazi au kupimwa upya kutamdhuru. Ni barua ya nusu ukurasa. Najua foleni iliyo nje ya vyumba vyenu, lakini nusu ukurasa huo unaweza kumaliza miezi ya rufaa.

Na rufaa zenyewe. Msikubali jibu la kwanza. Uingereza, katika miaka ya karibuni, katika rufaa za PIP zinazofika mbele ya baraza na kusikilizwa, takribani saba katika kila kumi mwombaji hushinda. Kwa nini? Sheria ni ileile, mtu ni yuleyule. Tofauti ni kwamba pale wanakaa watu watatu, hakimu, daktari, na mtu mwenye uzoefu wa ulemavu, na kwa mara ya kwanza kuna mtu anayemsikiliza mwombaji na ndugu yake hadi mwisho. Lakini kabla ya kufika hapo kuna hatua ya kuomba uamuzi uangaliwe upya na idara yenyewe, na wengi wanaishia hapo. Nani anaishia hapo? Yule asiyefungua bahasha. Yule anayeamini kwamba hastahili. Ushindi wa rufaa unawafikia wenye mtu wa kuwashika mkono, na haki inayotegemea kuwa na dada mwenye ruhusa ya kazi bado haijawa haki.

Kwa hiyo kwa watunga sheria madai yetu si mengi. Mwombaji akiwa na ugonjwa wa akili, mamlaka iombe taarifa kwa wanaomtibu kabla ya kumwita, na iwe ndiyo kawaida, isiwe hisani. Asiyefika kwenye miadi atafutwe kabla ya kukatwa, apigiwe simu, aulizwe muuguzi wake. Ndugu au mlezi asikilizwe na maneno yake yaandikwe. Mwenye hali ya muda mrefu asirudishwe kwenye foleni ya kupimwa kila mara kana kwamba amezaliwa jana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unawataja kwa maneno wazi watu wenye ulemavu wa akili wa muda mrefu, na ibara yake ya 28 inazungumzia haki yao ya hifadhi ya jamii. Nchi zilizoridhia zilitia saini zenyewe. Tunaziomba zitimize zilichokitia saini.

Ya kwetu hayahitaji kusubiri bunge. Mezani karibu na mlango kuna karatasi mbili. Anayehitaji mtu wa kumsindikiza kwenye miadi ya tathmini aandike jina lake kwenye ya kwanza. Aliye tayari kusindikiza, kusaidia kujaza fomu, au kufungua bahasha na mtu asiyeweza kuifungua peke yake, aandike kwenye ya pili. Wauguzi mliokubali kuandika barua, wekeni alama ya nyota mbele ya majina yenu ili tujue. Karatasi zitabaki pale mpaka jioni. Sasa nakaribisha maswali, na naomba tuanze na wale wanaopimwa wenyewe, kisha familia, halafu sisi wataalamu.